Mgonjwa Aliyeomba Nisimponye

Katika miaka yangu yote ya kufunga vidonda, ni mtu mmoja tu aliyewahi kunisihi nisimponye. Hakuwa mwendawazimu, wala hakuwa mtu wa kutafuta huruma. Alikuwa mkulima wa ngano na mtama, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, na alinishika mkono nilipokuwa nikifungua bendeji yake. Akasema polepole, kama mtu anayemwomba jirani asifunge mlango, "Ndugu, hiki kidonda kiache."

Hii ilikuwa Gaza, kwa Wapalestina, mbali sana na Eldoret. Vijana wa wodini wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, nami nimeanza na huyo kwa sababu ndiye aliyenifanya niulize upya karibu kila kitu nilichofundishwa juu ya kidonda. Lakini lazima nirudi nyuma kwanza, la sivyo hamtaona kwa nini nilimwelewa vibaya.

Nilifika Eldoret kutoka kwetu magharibi nikiwa kijana, wakati wazee bado wakiuita mji huu Sisibo, kwa sababu ulianzia kwenye shamba la setla wa Kizungu lililokuwa namba sitini na nne, kwa Kiingereza sixty-four. Nilikuwa nimesoma misheni kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya chupa. Kwa hiyo hospitali ya Waafrika ilinichukua nijifunze udresa, yaani kazi ya kusafisha na kufunga vidonda. Siku ya kwanza sikuonyeshwa mgonjwa hata mmoja. Nilionyeshwa pipa la bendeji zilizotumika. Kazi yangu ilikuwa kuziosha, kuzichemsha, kuzianika na kuzikunja upya. Nilidhani naadhibiwa kwa jambo ambalo bado sijalifanya. Baadaye nilijua kwamba bendeji ikikunjwa ovyo hufunga ovyo, na kwamba mtu anayeosha bendeji huona vidonda vyote vya wilaya kabla ya kuwaona wenyewe.

Mwalimu wangu alikuwa Dresa Mkuu, mzee wa Kinandi tuliyemwita Arap Birech. Alizaliwa upande wa Kapseret kabla ya waya za mashamba ya masetla. Aliongea kidogo, na alikuwa na tabia ya kunusa kidonda kwanza, kisha kumtazama mgonjwa usoni kwa muda kabla ya kuuliza chochote. Sisi wengine tuliuliza mara moja, na swali letu la kwanza lilikuwa moja kila siku: "Umetoka kwa bwana gani?" Wagonjwa walikuja kwa lori za mashamba, wa Soy pamoja, wa Turbo pamoja, nasi tuliwapanga foleni kufuata shamba walikotoka. Jina la mtu mwenyewe tuliliuliza baadaye, nafasi ikipatikana.

Vidonda vya miguu ndivyo vilivyokuwa chakula chetu. Jembe limeteleza, mnyororo wa plau umechubua, funza wameachwa mpaka wamefanya mji. Vingi vilipona kwa usafi na subira. Lakini vilikuwepo vile ambavyo havikupona kwa dawa yoyote, hasa wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna, na mara nyingi miguu hiyo ilitoka kwenye mashamba yale yale ya mabwana wakali. Nilishangaa sana mwanzoni. Nilifikiri udongo wa mashamba hayo una sumu.

Arap Birech hakunicheka. Alimaliza kufunga mguu wa kijana mmoja, akailowesha kwa ulimi penseli yake ya zambarau isiyofutika, akachora mstari mmoja ulionyooka kutoka juu ya bendeji hadi chini, ukikatiza mizunguko yote. "Kesho utaangalia huu mstari," aliniambia. Kesho yake mstari ulikuwa vipande vipande, kama nyoka aliyekatwakatwa. Bendeji ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena, na ndani yake kulikuwa na majivu.

"Anajichokoza," nikasema.

"Ndio."

"Kwa nini?"

"Umeshaanza kuwa dresa," Arap Birech akasema. "Sasa muulize yeye. Mimi najua mguu tu."

Kijana alikuwa anakwepa msimamizi mwenye kiboko. Arap Birech hakumpeleka kwa bwana wake. Alimtafutia kazi ya kukata kuni za jikoni la hospitali mpaka mkataba wake ulipoisha, na kidonda kikapona chenyewe, kana kwamba kimesikia habari. Nilijifunza mstari ule siku hiyo, na nimeutumia mpaka nimestaafu. Kosa langu ni kwamba niliondoka na jibu la kijana huyo pia: mtu akichokoza kidonda chake, anakwepa kazi. Kwa miaka mingi jibu hilo halikunipotosha hata mara moja, na ndiyo maana niliacha kuuliza.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja nilichukuliwa jeshini kama mhudumu wa wagonjwa, nikapelekwa Misri, kwenye kambi za kando ya Mfereji. Huko nilifunga vidonda vya wanaume wa kila kabila la nchi yetu, nikajifunza Kiarabu cha jikoni na sokoni. Vita vikaisha, sisi tukaendelea kuwekwa huko kulinda maghala. Ndipo tukaanza kuwaona watu wakija upande wa Gaza kwa miguu, kwa punda, kwa mikokoteni, wakiwa na magodoro kichwani na kuku mikononi. Vita vingine vilikuwa vimepiganwa Palestina, na watu hawa walikuwa wametoka vijijini mwao wakidhani watarudi baada ya siku chache. Niliwaona wakitandika mikeka kwa uangalifu, kama wageni wasiotaka kuchafua nyumba ya mtu.

Wakati wa kuruhusiwa kurudi nyumbani ulipofika, kikundi cha watu wa kujitolea, Wakristo kutoka ng'ambo, kilikuwa kinatafuta mikono inayojua dawa. Hakukuwa na mshahara. Kulikuwa na chakula, hema na blanketi. Rafiki yangu Okello, ambaye tulikuwa tumekaa pamoja tangu mafunzo, aliniuliza kama jua limenigonga kichwa.

"Wewe una mke huko Eldoret," alisema.

"Nimemwandikia."

"Amejibu nini?"

"Ameuliza kama hao watu wana kabila."

Okello alifikiri kidogo. "Na wana kabila?"

"Sijui," nikamwambia. "Ndiyo nataka kwenda nikaone."

Huo ndio ukweli. Sikwenda kwa utakatifu. Nilitaka kujua ni nini kinachompata mkulima akiondolewa shambani kwake, kwa sababu nilikuwa nimewafunga vidonda watu kama hao miaka mingi bila kupata nafasi ya kuwauliza.

Hospitali yetu ilikuwa mahema machache kwenye kilima cha mchanga, ukingoni mwa kambi, karibu na mstari ambao majeshi yalikuwa yamekubaliana kusimama. Kiongozi wa kikundi alikuwa mama mmoja Mzungu mwenye viatu vya wanaume, Bi Margareti, aliyejua bei ya kila kitu na kulala kidogo sana. Daktari alikuwa Mpalestina, Daktari Nabil, naye pia mkimbizi. Alikuwa na zahanati yake katika mji wa bandari kaskazini, na sasa aliishi kwenye hema kama wengine na kunyoa ndevu kwa kioo cha gari. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza kilichochanganywa na Kiarabu changu cha jikoni. Hayo yote ninayaandika hapa kwa Kiswahili, ili tusichoshane.

Asubuhi ya kwanza niliona foleni imevurugika, nikaamua kuipanga kama tulivyofanya kwetu. Nikamuuliza mama wa kwanza, "Umetoka kwa bwana gani?" Daktari Nabil alianza kutafsiri, kisha akakatiza.

"Sijui nimwambie nini," alisema. "Hawana bwana. Hawa ni wenye mashamba."

"Basi muulize ametoka wapi."

Hapo foleni yote ilijibu kwa pamoja. Kila mtu alitaja kijiji chake, na wa kijiji kimoja wakaitana, wakasogeleana, na kabla chai haijapoa walikuwa wamejipanga wenyewe. Hata mama aliyebeba mtoto aliyezaliwa pale pale kambini alisema mtoto naye ni wa kijiji fulani. Nilimuuliza Daktari Nabil kama hilo ni sahihi. Akaniambia nimuulize mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa macho mekundu ya watoto, upele, kuhara, na vifua wakati wa baridi. Baridi ya huko ina upepo wa bahari ndani yake, na mchanga uliingia katika kila kitu, hata katika pamba iliyofungwa. Tulichemsha vyombo kwa stovu ya mafuta iliyozimika kila upepo ulipobadilika. Nilijifunza kuchimba shimo dogo na kuiweka humo. Vijana mtakaowahi kufanya kazi mchangani, kumbukeni hilo. Hakuna kitabu kitakachowaambia.

Abu Yusuf aliletwa kwa punda. Alikuwa amechanwa mguu na waya wa miiba, chini ya goti, akirudi kutoka shambani kwake mwenyewe upande wa pili wa ule mstari. Alikwenda kuchukua mtama aliouacha umekomaa. Askari wa upande wa pili walipiga risasi, akakimbia, waya ukamshika. Gunia alilitupa. Kwa sheria ya upande ule alikuwa mwizi.

"Mwizi wa nini?" nilimuuliza Daktari Nabil.

"Wa mtama wake."

Nilidhani sikuelewa Kiingereza chake, nikauliza tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Tulikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, tukatia unga wa salfa, tukafunga. Kilianza kupona vizuri. Kisha kikaacha. Kila asubuhi kilikuwa kibichi, kingo zimevimba, na mchanga ndani. Mchanga ulikuwa kila mahali, kwa hiyo sikushangaa haraka. Lakini mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akipona katika mchanga ule ule, nami nikakumbuka penseli, nikachora mstari. Kesho yake mstari ulikuwa vipande vipande.

Nilimwendea Daktari Nabil nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. "Huyu anakwepa kazi," nikasema. Wakati huo Bi Margareti alikuwa akiwapa wanaume kazi ya kuchimba vyoo na kupanga mawe ya barabara.

Daktari Nabil alicheka mpaka akafuta macho. "Kukwepa kazi? Juzi watu wawili wamepigana hapa, wanagombania koleo. Mtu hapa akisikia kuna siku moja ya kuchimba, anaamka kabla ya jogoo. Ndugu yangu, kwenu watu wanalazimishwa kazi kiasi gani mpaka unafikiri hivi?"

Nililifikiria swali hilo muda mrefu kuliko alivyotarajia. Kisha nikafanya nililopaswa kulifanya kwanza: nilikwenda nikakaa kando ya kitanda cha Abu Yusuf, nikaanza kumfungua. Ndipo aliponishika mkono na kuniomba nikiache kidonda.

"Nikikiacha kitaingia kwenye mfupa," nilimwambia. "Daktari atakata mguu."

"Akikata, nitalala hapa muda gani?"

Swali hilo lilinitisha. Lilikuwa swali la mtu anayepiga hesabu. "Kwa nini unataka kulala hapa? Chakula chetu ni kibaya. Mimi mwenyewe nakila."

Alikuwa ameomba tangu siku ya kwanza kitanda chake kiwekwe kwenye mlango wa hema, nasi tulidhani anataka hewa. Sasa alinyoosha kidole. Chini kulikuwa na bonde, kisha waya, kisha mashamba, na mbali kidogo mti mmoja mkubwa wenye kivuli kipana. Niliujua mti huo bila kuambiwa. Ulikuwa mkuyu, kama ile ya mitoni kwetu.

"Upande wa kushoto wa huo mti," alisema, "panaanzia shamba langu. Linaishia pale penye wekundu wa udongo. Ng'ambo yake ni la kaka yangu."

Familia yake ilikuwa imeandikishwa kambi nyingine, kusini, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mgonjwa akipona alirudishwa kwenye hema la familia yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na ilikuwa kanuni nzuri, kwa sababu vitanda havikutosha. Kusini hakukuwa na kilima. Kulikuwa na mchanga na bahari. Akipona, asingeliona shamba tena.

Nilimuuliza kuona tu kunamsaidia nini. Sikuuliza kwa dharau, nilitaka kujua. Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi.

"Wewe baba yako analima?"

"Ndio. Mtama na wimbi."

"Mtama ukianza kuiva, anakaa wapi?"

"Shambani. Anafukuza ndege."

"Kwa nini hakai nyumbani, kwa kuwa mtama hauwezi kutembea?"

Tulizungumza habari za ndege mpaka chai ikaletwa. Ndege wa kwao na wa kwetu wana tabia moja. Kidonda nilikifunga, nikachora mstari, naye akautazama ule mstari. Asubuhi ulikuwa umekatika tena.

Daktari Nabil alipopapasa mfupa wake safari hiyo, hakucheka. Alimwambia wazi kwamba usaha ukishuka zaidi atakata, na kwamba mkulima wa mguu mmoja hawezi kusukuma plau hata akirudishiwa nchi nzima. Abu Yusuf akasema amesikia. Kusikia hakukubadilisha mstari.

Aliyebadilisha mambo ni mkewe. Umm Yusuf alifika kwa miguu kutoka kusini, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili, akiwa amebeba mkate kwenye kitambaa. Alisimama mlangoni mwa hema, akamtazama mumewe, kisha akatazama alikokuwa akitazama mumewe.

"Kumbe," alisema. "Nilidhani ni wauguzi wanaomkawiza. Mume wangu ameoa mti."

Wagonjwa wote walicheka. Abu Yusuf hakucheka. "Umekuja kunichukua?"

"Nikuchukue unuke nyumbani kwangu? Huo mguu unanuka mpaka njiani." Aliketi, akamega mkate, akampa kipande, akanipa na mimi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mimi nililima hiyo shamba tangu nilipoolewa. Nani alikuambia mimi sitaki kuiona? Umelala hapa unaiangalia peke yako, kama ni ya babako tu."

Nilijishughulisha na kukunja bendeji ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa.

Umm Yusuf hakurudi kusini. Alizunguka kambi yetu kutwa nzima, hema kwa hema, akiuliza jambo moja. Jioni alikuja na mama mwingine amemshika mkono. Mama huyo alikuwa na hema safu ya mbele, kilimani, na dada zake wote walikuwa kusini. "Huyu hataki kilima," alisema Umm Yusuf. "Anataka dada zake. Mimi nataka kilima. Tunabadilishana mahema. Kuna ugumu gani?"

Ugumu ulikuwepo. Bi Margareti alieleza kwamba chakula hugawiwa kwa kufuata kambi mtu alikoandikishwa, na wakianza kubadilishana wawili, watabadilishana wote. Tulimsihi, mimi na Daktari Nabil, na alitusikiliza kwa haki. Alisema hana mamlaka hayo peke yake. Lakini wageni wakubwa, wajumbe wa mataifa, walikuwa wanakuja kuuliza wakimbizi wanahitaji nini. Tuyaseme mbele yao.

Walikuja kwa magari mawili, wamevaa kofia nzuri. Waliwauliza watu maswali, karani akiandika. Abu Yusuf aliletwa na kitanda chake.

"Unahitaji nini?" mmoja akauliza.

"Kulima."

"Inaweza kutafutwa ardhi nchi nyingine. Ungekubali?"

Abu Yusuf alimgeukia mkalimani. "Muulize, kwani amesikia shamba langu limekufa?"

Kisha waliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyemfunga, kama kidonda kilitokana na hali mbaya ya mahema. Ingekuwa rahisi kusema ndio, na pengine tungepata mahema mapya. Nikasema hapana. Nikasema mguu huu unachokozwa na mwenyewe, kwa sababu akipona atahamishwa mahali asipoweza kuliona shamba lake, na kwamba hali ya hema haihusiki. Karani aliacha kuandika, akamtazama mkubwa wake. Sikujua kama aliendelea, kwa maana niliinama kukaza bendeji ya Abu Yusuf.

Kile walichokiamua juu ya ardhi, kama walikiamua, hakikutufikia kilimani. Lakini Bi Margareti alikuwa amesimama nyuma yangu, akasikia. Kesho yake alikuja na viatu vyake vya wanaume, akawaambia wale akina mama wawili wabadilishane mahema, na akanionya kwamba mtu wa tatu akija kuomba, atamleta kwangu. Walikuja wengi. Wengine walifanikiwa.

Umm Yusuf alihamia safu ya mbele na watoto wake na kuku. Mguu wa Abu Yusuf ulipona kama miguu inavyopona, kwanza pembeni, kisha katikati, na mstari wa penseli ukabaki umenyooka kila asubuhi mpaka nikaacha kuuchora. Akawa mtu wetu wa kuteka maji. Asubuhi, kabla ya kuteka, mume na mke walisimama mbele ya hema lao na kutazama bondeni, wakibishana mambo ya shamba kama watu wanaotazamia kwenda kulima baada ya chai.

Siku moja, kabla sijaondoka, tuliona trekta likilima upande wa pili. Lilipita chini ya mkuyu, likaenda mpaka kwenye wekundu, likarudi. Nilimtazama Abu Yusuf, nikiogopa kwa ajili yake. Aliweka ndoo chini na kulifuatilia trekta mizunguko kadhaa, macho yamekazwa.

"Anakwenda chini sana," alisema mwisho. "Huo udongo haupendi."

Niliporudi Eldoret nilirudishwa wodini, na Jumapili moja waliniomba kanisani nieleze nilikokuwa. Ukumbi ulijaa, watu wa kwetu magharibi na Wanandi wa vijiji vya karibu. Niliomba nguo na shuka kuukuu za kukatia bendeji, na tulipata marobota mengi kuliko nilivyotegemea. Lakini watu hawakutaka kuzungumza juu ya shuka. Mama Rasoa, muuza mboga, aliuliza swali la kwanza. "Huyo mwenye trekta, alimuuliza mwenye shamba?" Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa serikali ya huko inasema shamba ni ya nani?" Mtu wa nyuma akadakia kwamba hata hapa angependa kuulizia, na kicheko kilichofuata hakikuwa cha mzaha.

Arap Birech alikuwa ameketi pembeni, amezeeka. Baada ya mkutano aliniuliza jambo moja. "Huyo mzee anaiona shamba. Anaruhusiwa kuingia?"

"Haruhusiwi. Wanapiga risasi."

"Mimi naruhusiwa," alisema. Shamba la baba yake, huko Kapseret, sasa lilikuwa la Kaburu mmoja. "Naingia na mkebe kununua maziwa. Halafu natoka."

Wiki iliyofuata niliitwa kwa ofisa wa wilaya. Alikuwa mpole. Alisema mimi ni dresa hodari, na kwamba habari za mashamba ya watu wa mbali si dawa, na hapa zinaweza kuleta homa. Marobota ya shuka alituruhusu tuyapeleke, mikutano, hapana. Tuliendelea kuzungumza, ila tulifanya hivyo tukikunja bendeji, nyumbani kwa Mama Rasoa, na sijui sheria inayokataza watu kukunja bendeji. Wengi wenu, vijana, mlijifunza kukunja hapo mkiwa mmebebwa mgongoni. Tangu wakati huo kila mwanafunzi wangu nimemfundisha mstari wa penseli, na nimemkataza kuniambia maana yake mpaka awe amemuuliza mwenye mguu.

Daktari Nabil alinitumia salamu mara kadhaa kupitia askari waliokuwa wakirudi. Kisha salamu zikakoma. Mwaka uliopita nilikutana na dereva mmoja wa Turbo, aliyekuwa amebaki jeshini Mfereji muda mrefu na aliwahi kupeleka mizigo Gaza. Alikijua kilima. Alisema kulikuwa na risasi nyingi karibu na ule mstari, hospitali ikahamishwa ndani zaidi, na watu wa safu ya mbele wakaamriwa kurudi nyuma. Wengi walirudi. Mahema mawili au matatu hayakurudi; wenyewe walikataa.

Nilimuuliza kama mbele ya hema mojawapo alimwona mama mnene mwenye sauti kubwa, au mzee mwenye kovu chini ya goti. Alisema aliona watu wamesimama, lakini walikuwa wamempa mgongo, wakitazama upande wa pili.

Mzigo ulikuwa unangojewa, akasema. Hakusimama.